Shahidi wa Mkaa

Jamani, ngoja nikae kwanza. Nimekuja mbio, na habari yenyewe nikiimwaga yote kwa pamoja mtaniambia nirudie, na mimi kurudia siwezi, nitalia. Naanza mwanzo. Nikianza kukimbia mnishike.

Nchi yetu mnaijua. Jina sitalitaja, maana siku hizi ukilitaja hadharani unatakiwa kuwa na leseni ya kulitumia, na mimi kazi sina tena. Ni ile nchi yenye barabara moja ya lami inayotoka uwanja wa ndege mpaka Ikulu, na nyingine inayotoka Ikulu kurudi uwanja wa ndege. Watu wake wapole sana. Wakikanyagwa mguu wanaomba samahani, na aliyewakanyaga, kwa moyo wake mzuri, anawasamehe.

Basi mwezi wa kwanza Mheshimiwa Waziri wa Makusanyo na Faraja akazungumza na taifa redioni. Alizungumza saa tatu na robo, na ile robo ilikuwa ya kumshukuru yeye mwenyewe. Akasema mfanyabiashara mdogo ni uti wa mgongo wa taifa, na uti wa mgongo, kama tunavyojua, kazi yake ni kubeba. Akasema amegundua, na ugunduzi huo ulimfanya ashindwe kumaliza chakula cha mchana, kwamba wanyonge wanatozwa kodi ya kila senti inayoingia mkononi, kana kwamba sabuni na maji na mkaa vinawadondokea kutoka mbinguni, kisa tu hawana risiti za walichotumia. Kuanzia leo basi. Huu ni Mwaka wa Ukweli. Kama huna risiti, njoo useme kwa mdomo wako ulitumia nini, uje na aliyekuuzia, yeye aseme “nilipokea,” na gharama yako inaondolewa kwenye hesabu.

“Na huyo shahidi,” Waziri akasema, sauti ikamtetemeka kidogo, “hataguswa. Narudia, hataguswa. Shahidi ni mgeni wa serikali.”

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwa shangazi, nikaruka mpaka chaga ikavunjika. Miaka miwili nilikuwa na stashahada yangu ya uhasibu ndani ya bahasha, naitoa Jumapili kuipepea. Wiki mbili baadaye nikaajiriwa na Mamlaka ya Makusanyo. Cheo changu: Mwezeshaji wa Ukweli, Kata ya Kisimani. Tukapewa semina ya siku tatu kwenye hoteli yenye kiyoyozi, soda mara mbili kwa siku, na siku ya kufunga tukagawiwa fulana za njano. Kifuani imeandikwa SEMA TU. Mgongoni, kwa herufi kubwa zaidi, SHAHIDI HAGUSWI.

Ile fulana niliipenda, siwafichi. Nililala nayo.

*

Sasa niwaambie kuhusu Shangazi Kidawa, maana habari ni yake.

Shangazi ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu darasa la nne. Kazi yake dobi. Ana kibanda cha mabati nyuma ya ofisi za Mamlaka, na pasi tatu za mkaa, zile nzito zenye jogoo juu ya kifuniko. Za umeme hataki, maana umeme wa nchi yetu unakuja kama mgeni: hujui siku, na ukija haukai. Mashati ya maafisa wote wa Mamlaka yalikuwa yanapita mikononi mwake. Kola akiipiga pasi Shangazi Kidawa, ukiigusa inakukata kidole. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye zile kola. Mtu akiniuliza nimesomeshwa na nani, namjibu na pasi tatu.

Tatizo lilikuwa risiti. Kwetu risiti haiombwi. Kumwambia muuzaji “niandikie” ni kama kumwambia “najua kesho utakana.” Kuna mama mmoja pale mtaani alimwomba muuza maji amwandikie. Miezi mitatu aliuziwa maji bila salamu. Alikonda.

Na mkaa, ambao ndio gharama kubwa ya dobi, Shangazi alikuwa ananunua kwa Mponda. Mponda ni mtani wake.

Labda wengine hamna watani, niwaeleze. Shangazi ni mtu wa Bondeni, Mponda ni mtu wa Kilimani. Zamani mababu zao walipigana wakachoka, wakakubaliana badala ya mikuki watupiane maneno. Kwa hiyo mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kuku, kukwambia siku ya msiba kwamba marehemu ndiyo kwanza amepata nafuu. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa na unatozwa mbuzi. Lakini huyohuyo ndiye anayekuchimbia kaburi. Mjomba, mume wa Shangazi, alipofariki, Mponda alilala ndani ya shimo akagoma kutoka mpaka alipwe. Watu wakacheka huku wanalia. Shangazi alipokuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, mkaa ulikuja mlangoni kila wiki na hakuna aliyeuliza bei.

Kila Jumamosi asubuhi Mponda anashusha magunia mawili pale kibandani, anapaza sauti mtaa mzima usikie.

“Mchawi hajafa?”

Shangazi anamjibu kwamba alikuwa anamngojea yeye atangulie, njia ni nyembamba. Kisha anamwambia mkaa wenyewe mawe, magunia yenyewe kayaiba msikitini. Anafunga pesa kwenye kitambaa anamrushia miguuni, anapiga kelele kwamba kaibiwa. Mponda anaokota, anahesabu, anaweka mfukoni, halafu anawatangazia majirani kwamba watu wa Bondeni hawajawahi kumlipa mtu tangu dunia iumbwe. Majirani wanacheka. Miaka kumi na moja hivyo. Kila wiki alilipwa, na kila wiki alikana kwa sauti ya mwadhini.

Basi ikaja barua ya Mamlaka. Kwa mujibu wa barua, kila shati Shangazi alilopiga pasi mwaka mzima lilikuwa faida tupu, kana kwamba pasi zinapata moto kwa kukasirika. Asipolipa mwisho wa mwezi, kibanda kinafungwa na pasi zinapelekwa mnadani.

Nikakaa na kalamu. Mkaa ukiondolewa kwenye hesabu, kilichobaki kilikuwa kidogo, kingelipwa na mashati ya wiki mbili. Usipoondolewa, kibanda kimekwenda. Ni hivyo tu, hakuna la katikati. Nikamwambia Shangazi dawa ipo: tumpeleke Mponda akaseme “nilipokea,” neno moja.

Shangazi alikuwa anakoroga wanga wa kutilia kola. Hakuinua macho.

“Mtani hapelekwi mbele ya meza, Tausi.”

Nikamwambia hayo ya zamani, siku hizi kuna utaratibu. Nikamsimulia semina yote, mpaka soda. Nikamgeuzia mgongo asome mwenyewe. Akasoma taratibu, herufi kwa herufi, kidole chake chenye unyevu kinanigusa mabegani.

“Fulana nzuri,” akasema. “Haijapigwa pasi.”

Akaivua mwilini mwangu akaipiga pasi. Ndivyo alivyokubali.

Kwa Mponda nilikwenda mwenyewe. Alicheka sana kusikia serikali inamhitaji, akasema atakwenda kumkaanga huyo shangazi yangu mbele ya wakubwa mpaka aive. Ila alipomaliza kucheka aliniuliza jambo moja, kwa sauti ya chini, huku anapangusa mikono: hawatamuuliza mengine? Biashara yake ni ya kichwani, hana daftari, hana leseni, na binti yake wa mwisho yuko bweni. Nikamwapia. Niliapa kwa kaburi la baba yangu, ambalo yeye ndiye aliyelichimba.

*

Mngedhani sasa tunakwenda mezani. Bado. Mamlaka ikatoa Waraka Namba Nne.

Waraka ulisema hivi: kwa kuwa mdomo ni kiungo chenye unyevu na huteleza, kila tamko liambatane na Masalia ya Matumizi. Yaani kama ulitumia kitu, lete kilichobaki.

Jamani, ile foleni. Kinyozi alikuja na magunia ya nywele. Mkaanga chipsi alikuja na maganda ya mayai, na karani akayahesabu yote akamwambia moja lina ufa, halihesabiki. Mwenye banda la video aliambiwa alete umeme alioutumia. Akaenda, akakaa nyumbani siku mbili anafikiri, akarudi na balbu iliyoungua, wakaipokea kwa muda wakati wanasubiri ufafanuzi kutoka makao makuu. Mama muuza uji, yeye masalia hana, uji umenywewa. Akaja na wateja wake sita. Wakapandishwa kwenye mizani mmoja mmoja, wakaandikwa kilo, wakaambiwa wasipungue mpaka faili lifungwe.

Shangazi alitakiwa kuleta majivu ya mwaka mzima.

Sasa majivu nani anaweka? Shangazi huwa anawagawia majirani wanasugulia masufuria, wengine wanamwaga chooni. Tukazunguka nyumba kwa nyumba mimi na yeye na ndoo, tunaomba turudishiwe majivu. Watu walitupatia bila kuuliza. Bibi mmoja alitupatia na majivu ya kuni zake, akasema serikali haiwezi kujua. Tulipata viroba saba. Tulivibeba kichwani mpaka ofisini, Shangazi mweupe kama aliyefufuka.

Majivu yakapimwa, yakachekechwa, yakathibitishwa kwamba ni ya mkaa. Karani akataka kugonga muhuri, karatasi ya kugongea hakuna, akaugonga juu ya majivu yenyewe. Ukazama. Wakatumia nusu saa kuutafuta. Kisha Shangazi akatozwa faini ya kuingiza taka kwenye jengo la umma. Alipolipa nikauliza risiti ya faini, nikaambiwa mtandao uko chini.

Mimi nilikuwa bado nafurahi. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nawaeleza watu kwenye foleni kwamba mfumo wowote mpya lazima uwe na changamoto ndogondogo. Nilisema “changamoto ndogondogo” kwa mdomo wangu huu.

*

Siku ya shauri, mezani alikaa Bwana Elihuruma, Afisa Msikilizaji Mkuu Msaidizi. Mtu mpole ajabu, sauti kama ya daktari wa watoto. Alivaa shati jeupe, na Shangazi muda wote alikuwa anaitazama kola yake, maana aliipiga pasi mwenyewe Alhamisi na alitaka kujua kama imesimama. Ilikuwa imesimama.

Karani alikaa pembeni na mashine ya kuchapa. Chumba kimejaa: kinyozi, mama uji na wateja wake sita waliovimba kwa kulazimishwa kula, majirani waliotupatia majivu. Mponda akaingia na koti la kuazima, mikono imefika mpaka kwenye kucha. Shangazi alipomwona tu, wasiwasi ukamtoka. Akamuuliza huyo maiti aliyemvua koti amemwachia suruali au alimzika uchi. Mponda akamwambia anyamaze, mashahidi wa serikali hawasemi na wachawi. Watu tayari wanacheka.

Bwana Elihuruma akatabasamu pia. Akamuuliza shahidi kama anamfahamu mama huyu.

“Namfahamu. Ndiye aliyefilisi ukoo wetu.”

“Amewahi kukulipa fedha kwa ajili ya mkaa?”

“Huyu?” Mponda akageuka kututazama sote, amefurahi, mtu aliyepewa uwanja. “Huyu hajawahi kunilipa tangu niote meno. Mimi nampa mkaa, yeye ananipa vumbi. Mfungeni.”

Chumba kikaangua kicheko. Shangazi alicheka mpaka akainama, anafuta machozi na pembe ya khanga. Mwezi mzima ule sikuwa nimemsikia akicheka. Na katikati ya kicheko chote nikasikia mashine ya karani, taratibu, tap, tap, tap. Ha-ja-wa-hi ku-li-pa.

“Asante sana, shahidi,” akasema Bwana Elihuruma, akafunga faili.

Nikasimama. Nikasema mheshimiwa, hao ni watani, hayo ndiyo mazungumzo yao, mtaa mzima unajua analipwa. Chumba kizima kikaitikia kwamba kweli. Bwana Elihuruma akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema utani anauheshimu, ni urithi wetu, na kuna idara yake kule Wizara ya Utamaduni, ghorofa ya tano. Kwenye fomu hii, kwa bahati mbaya, hauna kisanduku. Lakini kwa kuwa huu ni Mwaka wa Ukweli, atamuuliza shahidi mara ya pili, jambo ambalo si kawaida.

“Bwana Mponda. Ulikuwa unatania?”

Mponda akafungua mdomo.

“Kabla hujajibu,” Bwana Elihuruma akamwambia, taratibu, kama anayemsaidia kushuka ngazi. Akageuza ukurasa. Kama ulikuwa unatania, akaeleza, maana yake ni kwamba ulipokea. Magunia mawili kila wiki, miaka kumi na moja. Na sisi hapa tumetafuta faili lako hatulioni. Itabidi tukufungulie, tuanzie mwaka wa kwanza. “Tutafurahi sana kukufungulia.”

Mimi nikasema, na sauti yangu nikaisikia imekuwa nyembamba, kwamba shahidi haguswi.

“Binti, hiyo umeisoma wapi?”

Nikageuka nikampa mgongo. Aliisoma yote kwa adabu, hata nikahisi kama ameisoma mara mbili.

“Fulana siyo sheria,” akasema.

Nikamwambia Waziri alisema redioni, nchi nzima ilisikia.

“Mheshimiwa Waziri alisema hataguswa, na hakuna atakayemgusa. Tutamwandikia barua.”

Mponda akanitazama mimi kwanza. Sikujua pa kuweka uso. Halafu akatazama mikono yake, ile mistari myeusi ya mkaa ambayo haitoki hata kwa maji ya moto. Halafu akamtazama Shangazi. Na Shangazi, masikini, alikuwa bado ana tabasamu mdomoni, kichwa kimeinama kidogo upande anaosikia vizuri, anasubiri, maana kwenye utani lile neno tamu zaidi huwa linakuja mwisho.

“Sitanii,” Mponda akasema.

Tap, tap, tap.

Tabasamu la Shangazi halikutoka mara moja. Lilibaki pale kama taa ambayo mtu amesahau kuizima.

*

Jumatatu walikuja kufunga kibanda. Maafisa watatu, na gari la kubebea pasi. Kwanza wakasema si watu wa haraka, na kwa kuwa ndani kuna mashati yao ya wiki ile, itakuwa vizuri kazi ya umma isikwame. Kwa hiyo Shangazi akawasha mkaa, akapiga pasi mashati kumi na manne, akayatundika kwenye gari lao. Wakasubiri pasi zipoe, maana kanuni hairuhusu kukamata mali yenye moto. Kisha wakazichukua, wakagonga lakiri mlangoni.

Shangazi aliwauliza kama kuna karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba wamechukua pasi tatu.

“Mama,” afisa mmoja akamwambia, na kweli aliumia, “si tunaaminiana?”

Mimi nilipata barua yangu jioni ileile. Mkataba umekwisha kwa kuwa Ukweli umekamilika katika Kata ya Kisimani. Nirudishe fulana, ikiwa safi na imepigwa pasi. Niliirudisha na makunyanzi, wakanikata kwenye mshahara.

Na Waziri akazungumza tena. Akatangaza kwamba zoezi limefanikiwa kuliko matarajio: asilimia tisini na nane ya gharama zilizotajwa na wananchi zimebainika hazikuwahi kutokea. Nchi yetu sasa ndiyo pekee duniani ambayo biashara zake ndogo zinaendeshwa bila gharama yoyote, na wataalamu kutoka nje wameomba kuja kujifunza. Akawapongeza mashahidi kwa ujasiri. Akasema machozi yanamlenga. Tulisikiliza mimi na Shangazi, yeye anachambua mchele.

Nilikuwa nasubiri anitukane. Siku nne nilisubiri. Chakula ananipakulia, maji ya kuoga ananiwekea, mwanangu vile, mwanangu hivi. Siku ya tano nikashindwa, nikamwambia aniseme tu yaishe, maana yote haya ni Mponda, Mponda ndiye aliyetuuza.

Akaacha kuchambua mchele.

“Mponda aliogopa, Tausi. Wewe ulikuwa na uhakika.”

Basi. Mimi nimefanya mitihani mingi, mnajua, na nimefeli miwili. Hakuna mtihani uliowahi kunirudishia majibu kama yale.

*

Sasa ndiyo nawafikisha kwenye habari yenyewe, hii ya Jumamosi, iliyonileta mbio.

Asubuhi hatujamaliza chai, tukasikia gunia linashushwa mlangoni. Puu. Halafu ile sauti, imekwaruza kidogo, lakini ileile.

“Mchawi hajafa?”

Majirani wote waliokuwa wanafua uani wakasimama. Shangazi akaweka kikombe. Akaingia chumbani. Mimi nikajua ameenda kutafuta kitu cha kumrushia, na moyo wangu ukafurahi, nakwambieni, nilisema yamekwisha. Akatoka amevaa khanga nzuri, ile ya kwendea harusi, amejitanda mpaka kichwani. Akafungua mlango.

“Karibu, Bwana Mponda. Habari za nyumbani?”

Mponda alicheka. Alidhani ni mtindo mpya. Akasema leo mchawi kaamka na adabu, lazima kala mtu usiku. Akasema gunia hilo hapo, yeye amelala usingizi, aibiwe tu, watu wa Bondeni ndiyo kazi yao. Shangazi akamsikiliza vizuri mpaka amalize, kama unavyomsikiliza mgeni wa mbali. Akamwambia anashukuru, ila kazi yake siku hizi hana, gunia zima litamshinda. Atachukua debe moja, la kupikia.

Mponda akapima debe. Mikono yake ilikuwa inamwaga mkaa pembeni. Shangazi akahesabu pesa, akaziweka kwenye kiganja chake kwa mikono miwili. Hakurusha. Hakupiga kelele kwamba kaibiwa.

“Naomba risiti,” akasema.

Pale uani maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyefunga bomba.

“Kidawa,” Mponda akasema. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina.

“Naomba risiti, bwana. Ya debe moja.”

Mponda akamwambia, polepole, kwamba Shangazi anajua yeye Mponda kuandika hajui. Shangazi hakugeuka. Akasema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, kwamba yupo msomi humu ndani.

“Tausi. Mwandikie.”

Nikachana ubavu wa boksi la sabuni. Nikaandika tarehe, jina la muuzaji, jina la mnunuzi, mkaa debe moja, imelipwa taslimu. Miaka miwili ya chuo. Mponda hakuhitaji wino, alibonyeza dole gumba kwenye boksi na likatoka jeusi, mistari yote inaonekana.

Hiyo risiti hivi sasa haipo kwetu. Mwenyekiti wa mtaa alisikia, akaisimulia, na jana mchana wametoka Mamlaka wamekuja kuiazima bila kutuandikia chochote. Imewekwa kwenye kioo pale mlangoni mwao, chini yake bati la shaba: RISITI YA KWANZA YA HIARI, KATA YA KISIMANI. Nimepita kuiona leo. Bwana Elihuruma alikuwa anamwonyesha mgeni, anamwambia utamaduni wa kuandikiana umeanza kuota mizizi kwa wananchi wa chini. Na Mponda, kwa dole lake hilohilo, wameshamfungulia faili.

Lakini hayo ya jana na leo. Jumamosi ile Shangazi aliishika risiti akaisoma taratibu, herufi kwa herufi. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

“Ahsante, bwana. Nenda salama, uwasalimie.”

Akainua debe lake akaingia ndani. Mponda akabaki amesimama pale kizingitini, mkono bado uko wazi, kama mtu anayesubiri chenji. Alisimama mpaka wanaofua wakaona haya wakaanza kukamua nguo.

Chenji haikuwepo. Shangazi alikuwa amempa kamili.